Mchoro wa Kukanyagwa

Wifi yangu Paulina ana tabia moja inayonichosha. Ukimwambia jambo fulani halifanyiki, anakuitikia "sawa" kwa upole kabisa, halafu anakwenda kulifanya. Nimemjua hivyo tangu kaka yangu Elisha alipomleta kwetu Vugiri, binti wa Kizigua kutoka ndani ya Handeni, mwembamba, mkimya, kichwani kitambaa cha njano. Shangazi zangu walinong'ona jikoni kwamba Elisha ametuletea mchawi, maana kwetu Washambaa ukitaja Handeni kuna watu wanawavuta watoto wao karibu. Mama akawauliza kama wamekuja kupika pilau au kupika majungu. Mimi siku ile ile nikaamua kuwa upande wa yule binti, kwa sababu shangazi zangu wale sijawahi kuwapenda.

Siku hizi sote tuko Korogwe mjini. Mimi nauza mitumba karibu na stendi, na nyumba yangu imetazamana na ya kaka, kwenye barabara ya vumbi inayoshuka kutoka njia panda. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa. Niliyaona, na mengine niliyashika kwa mikono yangu.

Elisha ni seremala. Mabenchi yote ya kanisa la kigango chetu aliyatengeneza yeye, kwa mninga alioufuata mwenyewe, na hadi leo ukiyakalia hayalii. Kiharusi kilimkuta karakanani akiwa na randa mkononi. Upande wa kushoto ukalala, mdomo ukapinda, maneno yakaanza kumtoka mazito na nusunusu. Halmashauri ya kigango ilikuja kumwona mara moja. Walileta sukari na mkate, wakaketi, wakayaona mate yakimtiririka kidevuni, wakaangaliana. Mzee Julius, mwenyekiti wetu, aliyekuwa akinywa chai ya Elisha karibu kila Jumapili, alizungumza na Paulina peke yake mwanzo hadi mwisho, utadhani Elisha ni kabati. Walipoondoka kaka yangu akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo akagoma kutoka nje ya uzio. Ndani ya ua anatembea, kwa fimbo na kwa kushikwa, mguu wa kushoto akiuburuta. Lakini getini hafiki. Nilipombembeleza tutoke angalau hadi kwangu, aliniambia, "Mimi si sinema."

Kitu kimoja tu alikuwa akikiulizia. Kila mwaka, Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, maandamano hupita mbele ya nyumba yao na kusimama kwenye altare ndogo ya jumuiya yetu ya mtaa, padre chini ya mwavuli ameibeba Ekaristi, watoto wakimwaga maua, sisi nyuma tukiimba. "Itapita?" alikuwa akiuliza tangu Kwaresima. "Itapita hapa?" Paulina akawa anamjibu kwamba itapita, na ikipita itamkuta getini. Elisha hakukubali wala hakukataa. Ndicho alichokuwa akikitaka mke wake kuliko kitu chochote: mume wake aonekane tena na watu, mchana kweupe.

Sasa nieleze habari ya unga, maana ndiyo iliyoleta kelele zote.

Paulina alikuwa na mazoea ya kubaki kanisani misa ikiisha. Sisi tunatoka kusalimiana na kusengenyana, yeye anazunguka ukutani kuzitazama picha za Njia ya Msalaba. Ni picha za karatasi, zimepauka, moja imeliwa na mchwa pembeni. Anasimama mbele ya kila moja na kidole chake kinafuata mistari hewani. Siku moja nilimfuata, njaa imenibana, nikamwambia twende nyumbani, picha hazikimbii.

"Wifi, hebu mwangalie Simoni," akasema. "Iangalie mikono yake. Hawa wengine wote wameshika kitu wanachokitaka. Huyu mkuki, huyu nyundo, yule mama kitambaa chake. Simoni ameshika asichokitaka. Alikuwa anatoka zake shamba, wakamkamata wakamtwika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyemchora hajui. Amempa uso wa mtu aliyelala vizuri."

Nilicheka, lakini usiku wa jana yake nilikuwa nimelala kwao, nikamsikia akimgeuza Elisha kitandani na kubadilisha mashuka, basi nikasimama naye kumtazama Simoni.

Baada ya hapo akaanza kuchora. Hakununua karatasi wala rangi. Alifagia ua, akanyunyiza maji vumbi litulie, akachukua bakuli la unga wa muhogo, akachuchumaa. Unga unapita kati ya dole gumba na vidole viwili, mwembamba kama uzi, na mkono hausimami. Nyekundu ni udongo wa Vugiri niliomletea mimi. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa. Alichora mikono na miguu na mikunjo ya nguo, uso hakuchora kamwe. Nilipomuuliza akasema uso ataweka Mwenyewe. Nikamuuliza na sala je, mbona jioni hizi simsikii akisali rozari?

"Nikisali kwa mdomo akili inakwenda sokoni," akanijibu. "Nikichora inatulia. Naiona ile mikono inashika mti, nami nashika nayo. Hiyo si sala?"

Ufundi wenyewe alifundishwa na bibi yake mzaa mama, huko Handeni, bibi Mashavu. Na sifichi: bibi Mashavu alikuwa mganga. Alikuwa anamkalisha mgonjwa chini, anamchorea unga kumzunguka, duara ndani ya duara, huku akimsemesha taratibu. Akimaliza anamwambia mgonjwa asimame atoke mwenyewe, aukanyage mchoro na kuuvunja kwa miguu yake. Asiyeweza kusimama walimshika, lakini mguu ulioukata mstari lazima uwe wake. Mchoro usiokanyagwa, kwa bibi Mashavu, ulikuwa unga uliopotea bure.

Halafu kuna Pooja, mke wa Rahul, Mhindi mwenye duka la nafaka na viungo. Kila sikukuu yao ya taa huchora maua ya rangi mbele ya mlango wa duka, mazuri hadi unaona aibu kupita. Paulina alikuwa anakwenda kununua unga, akakuta Pooja amepiga magoti anachora, akasahau kilichompeleka. Pooja akamwambia, "Ingia tu, Mama Grace, kanyaga. Sisi tunachora ili mgeni aingie."

Paulina alirudi ananieleza hilo macho yakimng'aa. "Bibi alichora ili mgonjwa atoke. Pooja anachora ili mgeni aingie. Nami siku ya Ekaristi nitachora barabarani, mbele ya geti. Katikati nitaacha mduara mtupu. Mgeni aingie, na mgonjwa atoke. Mchoro mmoja."

Nikamwambia wifi, watu hawatakuelewa.

"Sawa," akasema.

Naam, hawakuelewa. Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji, yakafika sokoni, yakarudi yamenenepa. Wote tunajua habari za njia panda: mtu anafanyiwa dawa, ugonjwa wake unafungwa kwenye kitu, kinatupwa barabarani, na atakayekikanyaga anaondoka nao. Basi wakaunganisha. Paulina ni wa Handeni. Bibi yake mganga. Mume amepooza. Anachora unga barabarani, katikati anaacha nafasi, na anataka padre asimame hapo hapo. Anataka kumtwisha padre kiharusi! Kuna waliokuwa wakivuka upande wa pili wa barabara wakifika kwenye geti la kaka yangu, na huo unga ulikuwa bado dukani kwa Rahul.

Jumuiya ilipokutana kwangu kwa sala, Mzee Julius alikuja mwenyewe. Tulisali, tukafunga, yeye akabaki amesimama.

"Mama Grace," akaanza, "sisi hatukuhukumu. Lakini mambo ya jadi na ya kihindi tusiyachanganye na Ekaristi. Halmashauri imekaa. Ukichora, maandamano hayatapita huku. Altare ya jumuiya yenu tutaihamishia njia panda, na kutoka pale tutashika barabara ya sokoni."

Watu wakatazama chini. Mimi damu ilikuwa imeshanipanda, nikafungua mdomo, Paulina akaniwekea mkono gotini.

"Shikamoo, mzee," alisema, maana alikuwa bado hajamsalimia. Mzee Julius akaitika. "Mnaogopa kwamba atakayekanyaga ataupata ugonjwa wa Elisha."

"Sikusema hivyo."

"Wamesema, na wewe hukuwakataza. Basi nikwambie, mzee wangu. Ugonjwa wa Elisha umeshakanyagwa zamani. Niliukanyaga mimi. Namwogesha, namlisha, namfuta mate, namgeuza usiku. Haujaniambukiza kitu isipokuwa mgongo. Kama unaambukiza kwa kuukaribia, basi nyie ndio mko salama kuliko watu wote wa Korogwe, kwa sababu mlikuja mara moja tu na hamkumaliza hata chai."

Mzee Julius alikunja shali yake polepole, akasema neno la halmashauri ni hilo hilo, achague.

"Sawa," akajibu Paulina.

Nilimfuata hadi nyumbani kwake, na hapo ndipo tuligombana, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia anamponza kaka yangu. Elisha anaisubiri Ekaristi tangu Kwaresima, na yeye kwa kiburi cha unga ataigeuzia njia nyingine. Aache tu, achore ndani ya ua, Mungu anaona hata uani. Aliniacha nimalize. Halafu akageuka kwa Elisha aliyekuwa amekaa barazani anasikiliza kila neno.

"Baba Grace, niache?"

Kaka yangu aliinua kichwa. Maneno yake siku hizi hupanda mlima. "Ni-kiwa mzima," akasema, "walikuwa wananiambia benchi lipi nisitengeneze?"

"La."

"Chora."

Asubuhi ya sikukuu nilivuka barabara na ndoo ya maji, kukiwa kumepambazuka na ukungu bado umelala juu ya milima ya Usambara. Nilikuwa bado nimenuna, lakini ndoo niliibeba. Paulina alikuwa ameshafagia barabara kutoka mtaro hadi mtaro. Alianzia nje akaenda ndani, kinyumenyume, na kila hatua alikuwa akiacha kitu nyuma. Kwanza pindo la duara za bibi Mashavu. Kisha maua, na humo nilimwona Pooja. Halafu mti wa msalaba, mrefu, mwekundu, umelala njia nzima, na mikono minne imeushika. Miwili ilikuwa na majeraha. Miwili ilikuwa mikubwa, yenye kucha zilizovunjika, na kidole kimoja hakikuwa na ncha. Nikakitambua. Elisha alikatwa ncha ile na msumeno akiwa kijana. Katikati, kati ya mikono ile, aliacha mduara wa ardhi tupu, ukubwa wa ungo.

Sijui niseme nini juu ya kazi ile. Nimeingia makanisa makubwa, Tanga nimefika, nimeona vioo vya rangi. Havikunifanya nitake kuvua viatu. Mbele ya unga ule nilivua.

Tulimtoa Elisha hadi ndani ya geti, tukamkalisha kwenye kigoda chake. Nje hakutaka. Tulisikia maandamano yakipanda kutoka kanisani, ngoma, kayamba, sauti za kwaya. Yakafika njia panda, mahali tunapopaona vizuri kutoka getini. Hapo wakasimama kwenye ile altare iliyohamishwa, vitambaa vyeupe na vikapu vya maua, wakapiga magoti. Ubani ukatufikia. Walikuwa karibu hivyo. Na hawakuwa wanakuja.

Nilimwangalia Paulina. Alikuwa ameshika bakuli lililobaki na unga kidogo, na nikajua ndani yake anajiuliza nililomwambia mimi. Nilisikitika, nikakasirika pia, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

"Niinueni," akasema Elisha.

Tukadhani anataka kurudi ndani.

"Nipe-lekeni katikati."

"Hapo si pako," Paulina akamwambia. "Hapo ni pa mgeni."

"Mgeni kazuiwa." Alikuwa ameshasimama nusu, fimbo inatetemeka. "Nitamfuata."

Tulimwinua. Tulipita naye ukingoni, kwa uangalifu, kwenye upenyo aliotokea Paulina, hadi kwenye ule mduara mtupu, na akasimama humo kati ya mikono minne, mtu mrefu aliyepinda, kwenye barabara aliyoikataa tangu apatwe na kiharusi. Alivuta pumzi. Kisha akatoka. Alitoka kwa miguu yake, akielekea juu, njia panda, mguu wa kushoto ukiburuzika na kuukata ule mti mwekundu na maua na duara zote za bibi Mashavu mpaka nje. Nyuma yake ulibaki mfereji mweupe.

Mimi nilimshika mkono. Paulina akaja nyuma na bakuli. Unga ulipoanza kuisha kwenye mguu wa mume wake, yeye akawa anaumwaga juu ya alama ile ile ya kuburuza, hatua kwa hatua, ili mstari usikatike. Nikageuka nikamwona machozi yanamtoka na mkono hautetemeki hata kidogo.

Kule juu walikuwa bado wamepiga magoti na macho wameyafumba. Tulifika. Tulipita mbele yao kwenye mdomo wa barabara ya sokoni, tukaukata wote kwa mstari, na ng'ambo ya pili Elisha akasimama, akageuka, akaegemea fimbo. Jasho lilikuwa linamtoka, mate pia. Paulina alinyoosha mkono amfute. Akakataa kwa kichwa.

Walipofumbua macho, mstari ulikuwa pale, mweupe, umeziba njia yao. Mzee Julius aliyekuwa mbele ndiye aliyeuona kwanza. Akainua mikono yote miwili. "Simameni! Msikanyage!" Wanakwaya wakagongana. Mama mmoja akamrudisha mtoto wake nyuma kwa kumvuta kola. Padre Mathias, chini ya mwavuli, alisimama na Ekaristi mikononi, anatutazama.

Elisha aliinua mkono wa kulia, ule mzima, akaunyoosha juu ya mstari.

"Shi-kamoo, Mzee Julius."

Nyie mnajua shikamoo ilivyo. Mdogo akiitoa na mkono ameunyoosha, mkubwa hana pa kukimbilia. Haiachwi hewani, hata na adui, sembuse na mtu uliyekuwa ukinywa chai yake. Na mkono wa Elisha haukufika mbali. Kuupokea ilibidi usogee, na ukisogea unakanyaga. Mzee Julius alitazama chini. Alitazama mkono. Aliangalia nyuma kama kuna mjumbe wa halmashauri atakayesema neno, na halmashauri nzima ilikuwa imepotelea kwenye maua ya altare.

"Mzee Julius," akasema Padre Mathias bila kupandisha sauti, "unasalimiwa."

Mkono wa kaka yangu ulikuwa umeanza kushuka kwa uchovu, na niliusaidia kwa kiganja changu chini ya kiwiko. Nilikuwa tayari kubaki pale hadi jioni.

Mzee Julius akakanyaga. Kiatu chake cheusi cha sikukuu kilitua katikati ya unga, na kingine kikafuata. Akaupokea mkono kwa mikono yake miwili. "Marahaba," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya sukari na mkate akamtazama Elisha machoni. "Marahaba, Elisha." Alitaka kuongeza kitu, akaishia kuutikisa ule mkono tena. Kaka yangu alimsubiri kwa adabu, kisha akamwachia.

Padre alimfuata, akaja hadi mbele ya Elisha, akaiinua Ekaristi juu yake, kimya, muda mrefu. Tulipiga magoti mimi na Paulina vumbini. Elisha hakupiga, hawezi. Alisimama. Baada ya hapo watu wote walipita, kwaya, watoto, akina mama wa WAWATA na sare zao, na mstari ukaisha chini ya miguu yao.

Mzee Julius ni mzima wa afya. Hakupooza popote, na ulimi wake unafanya kazi kama kawaida, nimeusikia. Bado anasema michoro ile haikuwa sahihi. Lakini amerudi kunywa chai.

Naye Paulina anaendelea kuchora kila Jumamosi jioni. Hachori tena barabarani wala uani. Anachora mlangoni kabisa, kutoka mwimo hadi mwimo, hakuna pa kuruka wala pa kupitia pembeni. Nilimwambia wifi, watu watashindwa kuingia.

"Sawa," akanijibu, mkono wake ukiendelea. "Anayekuja kumwona Elisha, akanyage."